Mama Kipaza na Mkataba wa Samaki

Tuelewane mapema ili tusisumbuane mbele ya safari: Mama Kipaza si mwanamke wa kuonewa huruma. Najua wapo watakaosikia kwamba aliibiwa sauti waanze kusikitika, masikini mama wa watu. Acheni. Yeye mwenyewe akisimulia kisa hiki hucheka mpaka anashika mbavu, isipokuwa mahali pawili tu, na hapo tutafika.

Jina hilo alibandikwa na mashabiki wa mpira. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake imekuwa kukaa ndani ya kibanda cha mbao juu ya jukwaa kuu la uwanja na kuzungumza. Kuzungumza tu, ndivyo wasemavyo wenye wivu. Kibanda chenyewe kina dirisha moja lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi, feni inayogeuka upande mmoja na kukataa wa pili, na meza ambayo mguu wake mfupi umetiliwa kitabu cha kanuni za ligi za zamani. Humo ndimo anamotangaza vikosi, wafungaji, dakika za nyongeza, gari lililoziba njia ya wagonjwa na mtoto aliyepoteana na baba yake. Wanaume wazima wenye vitambi humsimamisha sokoni wamwambie, "Mama, nilipotea uwanjani nina miaka sita, wewe ndiye uliyefanya nikapatikana." Naye huwatazama juu mpaka chini na kuwajibu, "Kwa tumbo hilo sasa hivi hupotei tena, baba."

Msimdharau kwa utani wake. Kabla ya kila mechi, saa moja na nusu kabla, hushuka ngazi zote arobaini na mbili akiwa na daftari lake, akabisha hodi vyumba vya kubadilishia nguo. Hamwulizi mchezaji mgeni jina lake, kwa sababu jina limo kwenye orodha. Humwuliza, "Nyumbani wanakuitaje?" Kisha humwambia alitamke, mara mbili, na yeye hulitamka mara tatu mpaka mchezaji acheke au atikise kichwa. Kocha mmoja aliwahi kumwambia anapoteza muda. Alimjibu kwamba mama wa yule mchezaji yuko nyumbani anasikiliza redio, na jina la mwanawe halitatafunwa mbele yake na mtu yeyote, si kwenye kipaza sauti hiki. Kocha akaufyata.

Rafiki yake mkubwa pale uwanjani ni mtunza majani, ambaye kila mtu humwita Bwana Nyasi. Bwana Nyasi alizaliwa hasikii wala hasemi. Ndiye anayekata nyasi, kuvuta roli la kushindilia ardhi na kuchora mistari ya chokaa iliyonyooka kuliko tabia za wengi wetu. Akimaliza, huinua kitambaa cheupe katikati ya uwanja, na Mama Kipaza haanzi kusema neno mpaka akione. Miaka kumi na tisa wamefanya kazi hivyo, mmoja akiwa hajawahi kuisikia sauti ya mwenzake, na hawajawahi kugombana. Waliooana wajifunze hapo.

Basi mwaka juzi kampuni moja ilileta vipaza sauti vipya uwanjani. Bure, wakasema, sisi ni wapenzi wa michezo. Pamoja na vipaza sauti ikaja semina ya siku moja kuhusu matumizi bora ya mitambo. Waliitwa wafanyakazi wote, kuanzia katibu wa uwanja mpaka wafagizi, na wote walikuja bila kukosa hata mmoja, kwa sababu barua ya mwaliko ilikuwa na maneno matatu yasiyokataliwa na mwajiriwa yeyote: chakula cha mchana.

Karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka. Sasa nani kati yetu hajawahi? Karatasi ya mahudhurio ikifika mbele yako husomi. Unaandika jina, unaandika namba ya simu, unachora sahihi, unampa jirani, kisha ndiyo unauliza semina inahusu nini. Na Mama Kipaza, kama watu wengi, ana sahihi mbili. Iko ya benki, ndefu, yenye mkia na nukta mbili chini. Na iko ya mahudhurio, mchoro mmoja wa harakaharaka kama wa mtu anayejaribu kalamu. Siku hiyo aliweka hiyo ya pili.

Baada ya kula, fundi wa kampuni akamwomba yeye peke yake abaki kidogo "kupima mitambo". Alikalishwa kwenye chumba kilichotandikwa magodoro ukutani, akapewa sentensi mia nne asome. Tembo mnene amevuka barabara yenye vumbi. Leo ni Jumanne. Moja, mbili, tatu mpaka mia. Sasa soma kwa furaha. Sasa soma kama umeshangaa. Sasa cheka. Alisoma zote kwa saa mbili na ushee, na zaidi ya hapo akawasahihishia sentensi kumi na moja zilizoandikwa ovyo. Hilo la kuwasahihishia ndilo linalomuuma mpaka leo. "Yaani waniibie," husema, "na bado niwafulie nguo!"

Habari ikamfikia kupitia kwa binti yake. Binti ni msusi, ana saluni ya viti vitatu upande wa pili wa mji. Asubuhi moja alikuwa ameshika kichwa cha mteja, na mteja ameshika simu, mara kwenye simu ikatoka sauti ya mama yake mzazi: "Wapenzi wa soka! Mnanijua, sijawahi kuwadanganya. Leo ni siku yenu. Weka dau sasa!" Binti aliachia kichwa cha watu nusu kimesukwa, akapiga simu nyumbani.

"Mama, umeanza lini kutangaza kamari?"

"Kamari gani? Mimi nachambua mchele hapa."

"Uko kwenye simu ya mteja wangu. Unamwambia aweke dau. Halafu unacheka."

"Nacheka vipi?"

Binti akasogeza simu karibu. Mama Kipaza akasikia cheko lake mwenyewe, lilelile la chumba cha magodoro, likitoka kwa mtu ambaye si yeye. Akaweka ungo chini. Aliogopa, na haoni aibu kusema hivyo.

Tusizunguke. Ile kampuni ilikuwa imeilisha kompyuta zile sentensi mia nne, na kompyuta ikajifunza kuzungumza kama yeye. Sasa ukiiandikia neno lolote, inalisema kwa sauti yake, bila kuchoka wala kukohoa, wala kuuliza kama ni kweli. Kisha kampuni ikaiuzia sauti hiyo kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira. Ndani ya wiki mbili Mama Kipaza alikuwa kwenye kila simu, kila redio, kila gari lenye spika juu, anawaambia watu waweke dau. Majirani wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mwanamke mmoja waliyekuwa wakiuziana mboga alimjia uso umemvimba: mume wake alikuwa ameacha kusikiliza la mtu yeyote, akiambiwa anajibu, Mama Kipaza kasema.

"Si mimi," alimwambia.

"Sauti naijua, dada. Usinitie mchanga wa macho."

Hilo angelivumilia. Lililomkata maini lilikuja Jumamosi moja, dakika ya themanini, timu mbili sare na jukwaa limejaa pomoni. Upepo mkali ulikuwa umevuma, bati likalegea juu ya mlango wa mashariki, likaning'inia kwa msumari mmoja. Mama Kipaza akaliona. Akabonyeza kitufe, akasema kwa utulivu wake wote, "Ndugu watazamaji, mlango wa mashariki umefungwa. Tafadhali tokeni kwa mlango wa magharibi. Ni kwa usalama wenu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha jukwaa la mashariki likaitikia kwa sauti moja, "Weka dau sasa!"

Akarudia. Wakacheka zaidi, na filimbi ya mwisho ilipolia wakaelekea mashariki kama walivyozoea. Bwana Nyasi, aliyekuwa ameona bati na kuwaona watu, akatimua mbio na kitambaa chake cheupe, akasimama mlangoni mikono imetanuliwa, akawazuia kwa kifua mpaka askari walipofika. Bati lilianguka robo saa baadaye mahali pasipo na mtu. Mama mmoja aliteguka mguu kwenye msongamano. Zaidi ya hapo Mungu alisaidia. Mama Kipaza alikaa kibandani, akalia. Hapa ndipo mahali pa kwanza asipocheka. Miaka ishirini na mbili watu walikuwa wakimsikia na kufanya alivyosema, na leo amewaambia kweli wakadhani ni tangazo.

Jumatatu katibu wa uwanja alimwita. Alikuwa mtu muungwana, akazungukazunguka sana kabla ya kufika. "Mama, hatukufukuzi. Tunakupumzisha kidogo, mpaka hili la sauti litatuliwe. Mtangazaji asiyeaminika ni hatari, unaelewa."

"Naelewa," alisema. "Likitatuliwa narudi?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi usimpe mtu kiti changu. Na feni msiiguse, ina ujanja wake."

Akaenda nyumbani, akafunga kibwebwe. Aliandika barua kwa kampuni, kwa mkono, kurasa mbili, akidai waifute sauti yake. Baada ya siku tisa wakajibu kwa adabu ya kuudhi. Walisema wameshangazwa na malalamiko yake, kwa kuwa alikwisharidhia kwa hiari yake mwenyewe sauti yake itumike "kwa kazi yoyote, mahali popote, kwa muda usio na kikomo". Walimwambatishia nakala ya mkataba. Kurasa sita za maandishi madogo ambayo hajawahi kuyaona tangu azaliwe, na ukurasa wa saba una jina lake, namba yake na sahihi yake. Juu yake na chini yake palikuwa pamepakwa wino mweusi, eti kulinda siri za watu wengine.

Binti alikuja jioni ile, akausoma ukurasa wa saba, akakaa kitandani kama aliyekatwa miguu. "Mama, hii sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Basi tumekwisha."

Mama Kipaza alikuwa ameusogeza ule ukurasa kwenye mwanga wa dirisha na amekunja uso, kwa sababu mkono uliopaka wino ulikuwa na haraka. Kulia kwa sahihi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pamesalia neno moja. Alilisoma, akalisoma tena, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, cheko la kutoka tumboni, mpaka binti akaingiwa na wasiwasi.

"Nini, mama?"

"Soma hapo. Kwa sauti."

"Samaki," binti akasoma.

"Umewahi kuona mkataba wa kuuza sauti unaotaka samaki?" Akapangusa machozi. "Ni karatasi ya chakula, mwanangu! Ya semina! Safu ya mwisho ilikuwa ya kuandika utakula nini, kuku, samaki au mboga. Wamechomoa karatasi ya mahudhurio wakaibandika nyuma ya mkataba wao."

Kesho yake, kabla ofisi hazijafunguliwa, alikuwa ameshafika kwenye jengo la baraza la migogoro ya michezo na burudani, akajaza fomu, akaambiwa anaweza kuleta wakili au kujisemea. "Kujisemea ndiyo kazi yangu," alisema. Kwenye fomu, mahali pa kuandika anachodai, aliandika mambo mawili: sauti ifutwe, na siku ya kusikilizwa kampuni ilete karatasi yenyewe, ile iliyosainiwa kwa kalamu, isiwe nakala.

Siku ilipofika alivaa gauni lake la fainali. Korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa imejaa watu wenye mashauri yao. Palikuwa na golikipa wa kike ambaye picha yake ilikuwa imekutwa kwenye chupa za kinywaji asichokinywa. Palikuwa na mwimbaji ambaye aliyekuwa meneja wake alidai jina lake la jukwaani ni mali ya meneja, kwa hiyo siku hizi anatambulishwa kwa watu kama "yule aliyeimba ule wimbo". Mama Kipaza alisikiliza habari ya kila mmoja kwa makini, akawaambia wakae wima, mashauri hayajibiwi na mtu aliyejikunyata. Golikipa akakaa wima.

Wakili wa kampuni, mtanashati mwenye tai ya zambarau, akamfuata pale benchi. Alikuja kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama yangu, haya mambo tunaweza kuyamaliza kindugu. Tuandike mkataba mwingine leo, safi. Sauti inakufanyia kazi wewe umelala. Na niseme ukweli, mama, sauti ya binadamu inazeeka. Kwenye mashine haizeeki."

"Acha izeeke," alisema. "Mimi mwenyewe nazeeka na sijamlalamikia mtu."

"Watu wengi wanauza sauti zao siku hizi."

"Na wauze, ni zao, waliulizwa wakakubali. Mimi sikuulizwa. Na hata ningeulizwa, siku nikisema kuna moto nataka watu wakimbie. Wakisimama kujiuliza kama ni mimi au ni nyinyi, tumeshaungua wote."

Wakili akatabasamu kwa meno ya mbele tu, akaondoka.

Mle ndani palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, uso usioonyesha kitu. Wakili alizungumza kwanza na alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Mlalamikaji ni mtu mzima, alisema. Anajua kusoma, tena kusoma ndiyo kazi yake. Alisaini, na sahihi haikanushi. Mtu hawezi kusaini leo na kujutia kesho, la sivyo hakuna mkataba utakaosimama katika nchi.

Mwenyekiti akageuka. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Ila ni ile ninayoweka mahali penye chakula. Ya mkataba ni nyingine." Akatoa kitabu chake cha benki na mkataba wake wa kazi, akaonyesha mikia na nukta. "Na kama hii ni ya mkataba, naomba ndugu yangu wakili anisaidie kuelewa neno lililo kando yake."

Mwenyekiti akavaa miwani, akainama. "Samaki," alisoma. Mjumbe wa kushoto akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. "Wakili, hili ni nini?"

"Mheshimiwa, huenda ni msimbo wa ndani wa ofisi yetu."

"Msimbo wa samaki?"

"Ninaweza kufuatilia, mheshimiwa."

"Usifuatilie. Tulikuagiza ulete karatasi yenyewe. Iko wapi?"

Wakili alijaribu kusema iko makao makuu. Mwenyekiti akamwambia baraza litasubiri hapohapo mpaka ifike kutoka makao makuu, na mashauri mengine yote yatasubiri pia. Karatasi ikapatikana kwenye mkoba wa wakili. Ilipowekwa mezani haikuwa na wino mweusi hata chembe. Majina ishirini na matatu, kila moja na sahihi yake, kila moja na kuku wake au samaki wake au mboga zake. Pembeni mfagizi mmoja alikuwa ameongeza kwa herufi kubwa, KUKU, PAJA.

"Basi," alisema mwenyekiti polepole, "kama karatasi hii ndiyo sahihi za mkataba, watu wote hawa ishirini na watatu wameipa kampuni yako sauti zao?"

Wakili alikuwa kwenye kona. Akisema hapana, basi na Mama Kipaza hakutoa. Akavuta pumzi, akachagua kuziba ufa. "Kwa tafsiri ya kisheria, mheshimiwa, ndiyo. Wote waliridhia. Kampuni ilichagua kutumia sauti moja tu."

"Mheshimiwa," Mama Kipaza akasema, "wa mstari wa nane yuko hapo nje. Nilimwomba aje, pamoja na mke wake. Naomba aulizwe."

Bwana Nyasi akaingia amevaa koti la harusi yake, viatu vimepakwa rangi. Mkewe akasimama kando yake ili atafsiri. Alimpa Mama Kipaza mkono, akanong'ona, "Wifi, hajalala kwa furaha." Mwenyekiti akaeleza swali taratibu, na yule mama akaligeuza kuwa mikono: je, siku ile ulisaini kuipa kampuni hii sauti yako?

Bwana Nyasi akaitazama karatasi, akaiona sahihi yake, akamtazama wakili kwa heshima zote. Kisha mikono yake ikaanza kwenda. Mkewe alishindwa kutafsiri mara ya kwanza, akaziba mdomo, akajikaza.

"Anasema ndiyo, kama wanasema aliwapa, basi aliwapa. Anaomba tu wamwonyeshe walikoiweka, kwa sababu yeye mwenyewe anaitafuta tangu azaliwe."

Ndoo ya kiyoyozi ilisikika ikidondokewa mara mbili. Halafu mjumbe wa kushoto akashindwa kabisa, akainamisha kichwa mezani mabega yanatikisika, na hata mwenyekiti akavua miwani akajifanya anaifuta. Bwana Nyasi alibaki amesimama wima, hapepesi macho, anasubiri jibu. Uso wa wakili ulikuwa umeshuka mpaka kwenye tai.

Baraza lilitoka kwa dakika ishirini, likarudi. Mwenyekiti akasoma uamuzi bila madoido. Ridhaa ya mtu kuhusu sauti yake si kitu cha kuokoteza kwenye orodha ya chakula. Lazima ajue anampa nani, kwa kazi ipi, mpaka lini, na akubali hayo hasa. Matangazo yote yaondolewe leo. Kampuni itangaze kwenye redio na simu zilezile kwamba aliyekuwa akisema si Mama Kipaza bali kompyuta. Fidia itasikilizwa kikao kingine. Na ile sauti ya kompyuta, pamoja na zile sentensi mia nne, zifutwe hapahapa, mbele ya macho ya mwenye sauti.

Fundi wa kampuni aliletwa na kompyuta yake. Ni yuleyule wa chumba cha magodoro, na hakuweza kumtazama Mama Kipaza usoni. Alieleza kwamba ni lazima kwanza aifungue aijaribu, ili baraza lihakikishe kinachofutwa ndicho chenyewe. "Niiandikie nini, mama?"

"Andika, habari za mchana, mwanangu."

Ikasema. Ilikuwa sauti yake kabisa, ya siku zake nzuri, laini, haina hata mkwaruzo ulioanza kumwingia mwaka huu. Binti, aliyekaa nyuma siku nzima bila kusema neno, akaja akamshika mkono.

"Mama," alinong'ona, "si tungebakiza hata kidogo? Iwe yetu tu, nyumbani. Ya marehemu baba hatukubakiza hata kikohozi. Mimi nimeshaanza kuisahau sauti yake."

Hapa ndipo mahali pa pili. Fundi aliinua vidole kutoka kwenye vitufe, akasubiri. Mama Kipaza naye alikuwa ameanza kumsahau yule mzee, sauti yake, alivyokuwa akiita kutoka mlangoni, na alikuwa hajamwambia mtu. Alitamani. Tuseme ukweli, alitamani sana. Akakitazama kile kikompyuta, kitu kinachoweza kumwita binti yake mwanangu bila kumjua.

"Hiyo si mimi, mama," alisema, akimwita bintiye kama alivyomwita akiwa mchanga. "Mimi nipo. Ukinitaka, nipigie." Kisha akamgeukia fundi. "Futa."

Akafuta.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia kando ya kitanda. Alikuwa binti.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepiga tu. Zungumza, mama, chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Mama Kipaza akajiinua, akaweka mto mgongoni, akasafisha koo. Akamsema nusu saa nzima, bila kuvuta pumzi, kwa ajili ya sufuria jipya aliloliunguza Jumapili na kulificha nyuma ya pipa la maji akidhani halitaonekana. Upande wa pili binti alikuwa amekaa sakafuni mwa saluni ambayo haijafunguliwa, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili, anaitikia kila baada ya sentensi, ndiyo mama, ndiyo mama, na akiona mama anakaribia kumaliza, anakumbusha na la kifuniko.